Wakuu wa viwandani Tanga: zimamoto wakifika getini usiku, nani anaweza kuwaambia stoo ina nini na kiasi gani?

Leja ya Stoo (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Nimefanya kazi za stoo hapa Tanga tangu ujana. Nilianzia kwenye mkonge, nikapita kwenye sabuni, nikamalizia kwenye kiwanda cha barafu na samaki. Kile kiwanda sitakitaja. Sasa nimepumzika nyumbani Makorora, lakini kuna usiku mmoja haujanitoka kichwani, na kila nikisikia king'ora unarudi.

Ilikuwa saa nane usiku, msimu wa kaskazi. Mlinzi akanipigia: "Mzee, njoo, gesi imetoka." Nilipokaribia kona ya kiwanda sikuhitaji kuambiwa ni gesi gani. Amonia inakata pua kama banda la mbuzi lililofungwa wiki nzima, halafu machozi yanatoka yenyewe. Gari la zimamoto lilikuwa limeshafika getini na taa zinazunguka. Afande aliyeongoza kikosi alikuwa akimuuliza mlinzi maswali, nami nikayasikia yote.

"Humo ndani kuna nini?"
"Gesi ya barafu, afande."
"Kiasi gani?"
"Sijui."
"Iko upande gani?"
Mlinzi akanyoosha mkono gizani. Umeme ulikuwa umekatwa.
"Kuna kitu kingine karibu yake?"
"Sijui, afande."

Orodha ilikuwepo. Imechapwa vizuri, ina mhuri, imo kwenye faili, faili limo kabatini, kabati limo ofisini kwa meneja, na meneja alikuwa safarini na ufunguo wake. Na hata ingepatikana ingewapotosha, maana iliandikwa mwishoni mwa Disemba tulipokuwa na mitungi 12 ya akiba ya kilo 50, yaani kilo 600. Usiku ule stoo ilikuwa na mitungi 30. Mzigo ulikuwa umeingia siku chache kabla. Ni mimi niliyeupokea na kuusaini kwenye leja. Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, palikuwa na madumu ya klorini ya unga ya kusafishia maji, na pembeni yake mapipa ya mafuta ya kompresa.

Nilimweleza afande kwa mdomo huku nikitetemeka. Watu watatu walipelekwa hospitali. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi.

Wakuu, ile orodha tuliiandika kwa ajili ya mkaguzi. Naomba tujadili: hizi taarifa za kemikali tunazopeleka serikalini zinafanyaje kazi, na zinamfikia nani? Wenye ujuzi karibuni.

---

Kuli wa Gati

Nafuatilia kwa karibu. Bandarini tunashusha mizigo ya namna hii kila wiki.

---

Mzee wa King'ora

Ndugu yangu Leja, pole na asante. Mimi nimestaafu zimamoto na maswali ya yule afande nimeyauliza mwenyewe kwenye mageti mengi.

Niwaambie watu wa viwandani tunachotaka tukifika. Jina la kitu, la kikemia na lile mnaloliita nyie dukani. Ni gesi, kimiminika au unga. Kiko ndani ya nini, mtungi wa shinikizo au dumu. Kiko wapi. Ni kiasi gani leo. Na namba ya simu ya mtu anayekijua ambaye atapokea saa nane usiku. Hayo yote yanaenea kwenye karatasi moja.

Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu silaha yetu kuu ni maji, na maji si rafiki wa kila kitu. Mvuke wa amonia unayapenda sana maji: ukinyunyiza kama pazia, maji yanaunywa na wingu linapungua. Lakini amonia hiyohiyo ikiwa imemwagika chini kama kimiminika, ukaielekezea mpira, umeipa joto. Inachemka kwa nguvu zaidi, kwa sababu yenyewe huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Gesi ni ileile na maji ni yaleyale, ila matokeo yamegeuka. Nenda kwa fundi wa kuchomelea mwenye pipa la kabaidi: ukilimwagia maji umetengeneza asetilini, gesi inayolipuka. Pale dawa ni unga mkavu au mchanga mkavu. Nitajuaje gizani kama hakuna aliyeniandikia?

Mlinzi wenu hakukosea. Hakuwahi kuambiwa.

---

Binti Pongwe

Shikamooni wazee wangu.

Mimi ni mgeni kwenye kazi hii. Nimepewa dawati la usalama kiwandani mwezi wa pili huu, na jambo la kwanza kuwekewa mezani ni "andaa orodha ya kemikali". Nimekuta jedwali la mwaka jana, nimeambiwa nibadilishe tarehe tu. Baada ya kusoma uzi huu mkono umesita.

Maswali yangu. Naripoti kiasi kipi, kile cha siku ninayoandika au vipi? Na naripoti kwa nani hasa? Kila ninayemuuliza ananitajia ofisi tofauti.

---

Leja ya Stoo

Marahaba mwanangu. Usibadilishe tarehe tu, tafadhali.

Nianze na la ofisi, maana limewachanganya wengi na mimi nikiwemo. Kwetu kemikali zina meza nyingi, na kila meza inaona upande wake.

Meza kubwa ni ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wao wanasimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Namba 3 ya mwaka 2003. Usajili wa anayejishughulisha na kemikali na vibali vya kuziingiza nchini viko kwao. Meza ya pili ni OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka huohuo wa 2003. Hawa wanamwangalia mfanyakazi: anavuta hewa gani, amevaa nini, amefundishwa nini. Ofisi ya taifa ya mazingira, tuliyoizoea kwa jina la NEMC, inaangalia mazingira kwa sheria ya 2004, kitu kikitoka kwenda mtoni au hewani. Viuatilifu vya shambani viko kwa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu chini ya sheria ya 2020. Mafuta ya petroli yana EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake, Namba 14 ya 2007.

Sasa angalia kiwanda kimoja chenye tangi la dizeli, mitungi ya amonia, klorini ya maji na kopo za dawa ya wadudu. Kila ofisi ina kipande chake cha habari. Anayehitaji kuviona vyote kwa pamoja, kwenye karatasi moja, ni yule aliyesimama getini na mpira mkononi. Kwa hiyo mwanangu, timiza kila meza inachodai, lakini ya kwako iwe orodha moja mama, na hizo nyingine zizaliwe kutoka humo. Ukiwa na majedwali matano yanayotofautiana, siku ya siku hutajua lipi ni la kweli.

La kiasi namwachia mwenye hesabu nzuri kuliko yangu.

---

Mwana wa Chumbageni

Wazee wangu shikamooni. Nipo Texas, Marekani, na kazi yangu kila Januari na Februari ni kuandaa taarifa hizi kwa maghala ya kampuni ninayofanyia kazi. Nieleze kwa utaratibu wa huku, mtachukua kinachofaa.

Sheria ya huku ilizaliwa na msiba wa Bhopal, India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984 gesi ya methili isosayaneti ilitoka kiwandani ikawakuta watu usingizini, wakafa kwa maelfu. Majirani hawakujua kilichokuwa nyuma ya ukuta, na hospitali hazikujua zinatibu nini. Mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua.

Taarifa yenyewe inaitwa Tier II. Mwisho ni tarehe 1 Machi kila mwaka, na inahusu mwaka uliopita. Inakwenda sehemu tatu kwa pamoja: tume ya dharura ya jimbo, kamati ya dharura ya eneo, na kikosi cha zimamoto kinachohudumia mtaa wako. Hiyo ya tatu ndiyo anayoililia Mzee Leja. Zimamoto wa huku wana haki kisheria ya kuomba kuingia na kukagua, na mwenye kiwanda analazimika kuwaonyesha vitu vilipo.

Kiwango cha kuripoti kwa kemikali za kawaida zenye hatari ni ratili 10,000, karibu kilo 4,536. Zile zilizoorodheshwa kuwa za hatari kubwa mno zina kiwango cha ratili 500, yaani kilo 227, au chini ya hapo. Amonia ni ratili 500. Klorini ni ratili 100, kama kilo 45. Mtungi mmoja wa klorini wa kusafishia maji unatosha kukuingiza kwenye orodha.

Sasa swali la dada wa Pongwe. Huandiki kiasi cha siku unayojaza fomu. Unaandika kiasi cha juu kabisa kilichowahi kuwepo kwa siku yoyote ya mwaka, wastani wa kila siku, na siku ngapi kilikuwepo. Halafu unaandika kimehifadhiwa ndani ya nini, kwa shinikizo na joto gani, na mahali gani ndani ya eneo. Na namba za watu wa kupigiwa usiku na mchana.

Chukua mfano wa kostiki soda ya viroba vya kilo 25. Tuseme paleti ina viroba 40, hiyo ni tani moja. Mwezi wa tatu meli inaleta paleti 12 nawe bado una mbili stoo. Siku hiyo una tani 14. Unatumia taratibu, Disemba zimebaki mbili. Aliyeandika "tani 2" hajasema uongo kuhusu Disemba, ila amemficha zimamoto tani 12 za mwezi wa tatu. Mitungi ya Mzee Leja ni hadithi hiyohiyo.

Mtego mwingine ni betri. Watu wanahesabu madumu ya tindikali wanasahau folklifti za umeme. Betri ya folklifti ni kubwa, na sehemu ya uzito wake ni tindikali ya salfa. Tuseme betri ina kilo 1,400 na karatasi yake ya usalama inasema asilimia 15 ni tindikali: hizo ni kilo 210. Folklifti ya pili ikiingia una kilo 420 na umeshavuka kilo 227. Nimeona maghala yanayosema "hatuna kemikali hapa, tunahifadhi nguo tu" huku folklifti sita zinachajiwa pembeni.

---

Binti Pongwe

Kaka ahsante sana, nimeinakili yote. Betri sikuwa nimezifikiria kabisa. Tunazo.

Leo nimeshinda stoo. Nilikuwa na jedwali lenye mistari 11. Nimetoka na 34. Mingine ni midogo, rangi na tina za mafundi, lakini kulikuwa na pipa limeandikwa "dawa ya boila" tu, hakuna aliyejua ni nini. Nimelitafuta nikakuta kibandiko kimeng'oka nusu, imebaki alama ya mkono unaounguzwa na kitu kinachodondoka, na namba UN 1824.

---

Mzee wa King'ora

UN 1824 ni kostiki soda iliyoyeyushwa. Ndiyo maana nazipenda namba zile za Umoja wa Mataifa za mizigo ya hatari mwanangu, hazijali lugha wala jina la dukani. 1005 ni amonia, 1017 ni klorini, 1203 ni petroli, 1830 ni tindikali ya salfa. Lori la mafuta likipita barabara ya Segera utaiona kwenye kibao cha rangi ya chungwa, 33 juu, yaani kimiminika kinachowaka upesi, na 1203 chini. Ziandike kwenye orodha yako mbele ya jina. Afande hata kama hajui kusoma "haipokloraiti" atasoma tarakimu nne kwa tochi.

Na lile pipa liandikwe jina leo. Usingoje kesho.

---

Duka la Barabara ya Kumi na Mbili

Habari zenu. Mimi mwanamke mfanyabiashara wa Ngamiani, nauza malighafi za sabuni ya maji: salfoniki, sles, soda ashi, kostiki, gliserini, na klorini ya unga ya kusafishia. Kwa hizi tani mnazotaja mimi si nimo nje? Duka langu ni chumba kimoja.

---

Leja ya Stoo

Dada yangu, zile tani na ratili ni viwango vya Marekani vya kutuma taarifa. Kwetu usajili kwa Mkemia Mkuu hauanzii kwenye tani, unaanzia kwenye kujishughulisha na kemikali. Ukiziuza, umo. Nenda ukajisajili, na usiogope. Wanaofika wenyewe wanaelekezwa vizuri.

Lakini acha nikuulize la muhimu zaidi kuliko karatasi. Klorini ya unga na salfoniki vimekaaje humo chumbani?

---

Duka la Barabara ya Kumi na Mbili

Rafu moja. Klorini juu, madumu ya salfoniki chini.

---

Leja ya Stoo

Vitenganishe leo dada, tafadhali sana. Salfoniki ni tindikali. Klorini ya unga ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini yenyewe, na gesi ile ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Haipandi ikapotelea angani. Inashuka, inajaa sakafuni, inaingia chini ya mlango kwa jirani, inamkuta mtoto aliyelala kwenye mkeka. Kopo moja tu la juu likipasuka likamwagikia dumu lililo wazi, basi. Na mafuta nayo yakae mbali na klorini, hata gliserini. Klorini ya unga ikigusana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti.

Hapa ndipo naona faida ya kuandika orodha ambayo watu hawaisemi. Ukikaa ukaandika kitu, mahali, kiasi, mstari kwa mstari, macho yako mwenyewe yanaona jirani wabaya waliokaa pamoja. Kule kwetu kiwandani, laiti mtu angeandika "mitungi 30, ukuta kwa ukuta na klorini", angeshtuka kabla hajafika nusu ya sentensi. Vitu hivyo viwili havitakiwi hata kuonana.

---

Duka la Barabara ya Kumi na Mbili

Nimehamisha. Klorini imekwenda kwenye kabati la peke yake upande wa mlango. Ahsante kaka, nimeogopa kwa kweli. Mwanangu hulala mle mchana.

---

Mkazi wa Raskazone

Mimi si mtu wa kiwanda, naishi tu karibu na bahari. Nauliza kama raia: mimi jirani nina haki ya kuiona hiyo orodha? Maana mnazungumzia mkaguzi na zimamoto, ila gesi ikitoka inaanza na sisi.

---

Kuli wa Gati

Hapo ndipo sikubaliani na watu wa "waonyesheni wote". Ukitangaza ghala lipi lina mbolea ya naitreti na liko kona gani, umemwelekeza mwizi. Tanga hii tumeteseka miaka na uvuvi wa baruti, matumbawe yamesagika, watu wamepoteza mikono. Waliokuwa wakitengeneza baruti zile walikuwa wanatafuta mbolea hiyohiyo. Kuna habari ni za kukaa kwa wahusika.

---

Mwana wa Chumbageni

Hoja ya Kuli ni nzito na huku nayo imejadiliwa sana. Sheria ya Marekani inampa mwananchi haki ya kuomba Tier II ya jirani yake, lakini inamruhusu mwenye kiwanda kuomba mahali hasa ndani ya uzio pasitajwe kwa umma. Jirani anajua kuna nini na kiasi gani kwa makadirio. Zimamoto na ofisi za dharura ndio wanaojua ni chumba cha ngapi kutoka mlangoni.

Ulaya wana njia nyingine. Baada ya ajali ya Seveso, Italia, mwaka 1976, wakaweka kanuni mwaka 1982, na inayotumika sasa ni ya 2012. Kule eneo lenye klorini tani 10 au amonia tani 50 linaingia kwenye usimamizi maalumu. Tani 25 za klorini au 200 za amonia linaingia ngazi ya juu, na wanaoishi karibu lazima wapewe maelezo ya nini cha kufanya ajali ikitokea, bila wao kuomba. Wanaambiwa king'ora kinaliaje, wafunge madirisha au watoke.

Nadhani Mkazi wa Raskazone hahitaji kujua kona ya ghala. Anahitaji kujua akisikia king'ora aelekee wapi.

---

Mkazi wa Raskazone

Hasa. Hicho tu.

---

Mzee wa King'ora

Na aelekee wapi inategemea upepo, jambo ambalo karatasi za nje hazituandikii. Wavuvi wa hapa wanalijua kuliko wahandisi. Mchana bahari inapuliza kuja mjini. Usiku umande unatoka bara kwenda baharini. Kusi likiwa limeshika ni habari nyingine, kaskazi nyingine.

Usiku ule wa Leja nilikuwepo mjini, niliusikia. Watu walikimbilia ufukweni wakidhani bahari ndiyo usalama. Umande ulikuwa unasukuma wingu kulekule. Waliopelekwa hospitali, wawili walikuwa wavuvi waliokuwa wakingoja maji yajae waondoke. Hawakuwa hata wafanyakazi wa kiwanda.

---

Leja ya Stoo

Ni kweli mzee. Sikuliandika pale juu kwa sababu bado linaniuma.

---

Kuli wa Gati

Basi nirudi nyuma kidogo. Nilisema mbolea isitajwe, na bado nasema isitangazwe ovyo. Lakini Beirut, Lebanon, ilinitisha kuliko ajali yoyote niliyowahi kuisikia, maana ilikuwa bandari, kazi kama yangu. Tani 2,750 za amonia naitreti zilikuja na meli mwaka 2013, zikashushwa, zikakaa ghala namba 12 miaka. Tarehe 4 Agosti 2020 moto ukaanza. Waliotumwa kuuzima walikuwa 10 wa kikosi cha zimamoto cha mji, na hakuna aliyerudi. Waliokufa mjini wote walizidi 200. Mzigo ule ulikuwa umeandikiwa barua kwenda ofisi mbalimbali. Karatasi zilikuwepo.

---

Mwana wa Chumbageni

Nami nina wa karibu zaidi na ninapoishi. Mji mdogo unaitwa West, hapahapa Texas. Tarehe 17 Aprili 2013 ghala la mbolea liliwaka jioni, zimamoto wa kujitolea wakaenda kama wanavyokwenda siku zote, na naitreti ikalipuka. Walikufa watu 15, na 12 kati yao walikuwa wa vikosi vya dharura au waliokwenda kuwasaidia. Palikuwa na makazi ya wazee na shule karibu, majengo yakaharibika vibaya.

Lililonisumbua nilipoanza kazi hii ni kwamba ghala lile lilikuwa limeripoti. Taarifa ya Tier II ilipelekwa, naitreti imeandikwa. Lakini waliokwenda kuzima hawakuwa wamefundishwa jinsi naitreti inavyogeuka kwenye moto, wala wapi pa kukomea. Namba ilifika ofisini, maana yake haikumfikia mtu wa gari. Kwa hiyo mimi sasa nikishatuma mtandaoni, nachukua ramani ya ghala naipeleka kituoni kwa mkono. Tunakunywa kahawa, nawaonyesha. Sheria hainidai hilo.

---

Binti Pongwe

Nimesoma hizi mbili mara kadhaa. Leo nimekwenda kwa bosi na orodha mpya. Ameuliza itagharimu nini. Nimemwambia chapa, bomba la plastiki lenye mfuniko la kuwekea karatasi getini, na siku moja ya watu wa zimamoto kuja kuzunguka. Amekubali. Alichokataa ni karatasi kukaa getini, anasema walinzi watapiga picha wasambaze.

---

Leja ya Stoo

Hofu yake inaeleweka. Mwambie bomba lifungwe kwa kufuli, ufunguo mmoja ukae kituo cha zimamoto na mwingine kwa mlinzi wa zamu ndani ya bahasha yenye sahihi. Bahasha ikichanika bila sababu mtajua. Na leja ya stoo iwe na kanuni hii: mzigo wa kemikali ukiingia, haupangwi kwenye rafu kabla karatasi ya getini haijabadilishwa. Mtu wa stoo ndiye anayebadilisha, si ofisi. Sisi wa stoo ndio tunaojua saa hiyohiyo.

Halafu kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati kuanzia mkoa na wilaya hadi kata. Peleka nakala ya muhtasari kwa kamati ya kata yako, ule usio na kona za ghala. Swali la mkazi wa Raskazone litajibiwa hapo, na hofu ya Kuli itakuwa imeheshimiwa.

---

Kuli wa Gati

Hiyo naiunga mkono.

---

Mzee wa King'ora

Mwanangu wa Pongwe, siku watakapokuja kuzunguka usiwakaribishe ofisini kwanza. Waanzie getini, kama wangekuja usiku. Mlinzi ndiye ajibu maswali, wewe nyamaza usikilize. Akikwama, andika alipokwamia. Orodha iwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, ramani ya mkono inatosha. Weka alama ya kaskazi na kusi juu yake, na bomba la maji liliko. Namba 114 iandikwe juu kabisa kwa rangi nyekundu.

---

Binti Pongwe

Nimeongea na kituo. Wanakuja Jumanne saa tatu asubuhi, watu wanne na gari. Mlinzi wa zamu siku hiyo ni mzee mmoja amekaa getini miaka 19. Nilipompa karatasi aisome kidogo akaniuliza hii klorini ni ile iliyo chumba cha pampu au ile ya nyuma ya jiko la wafanyakazi. Sikujua kama kuna klorini nyuma ya jiko. Tumekwenda naye. Yapo madumu 6.

---

Leja ya Stoo

Yaandike mwanangu. Jumanne nitapanda daladala nije, nataka nimsalimie huyo mzee.